Bawa la Kushoto la Olga

Watu wa Jutland ya magharibi, huko Denmark, hawana mdomo mwepesi wa kusifu. Mpikie mtu wa huko chakula cha kumtoa machozi kwa utamu, atapangusa midomo, atasukuma sahani na kusema kwamba hakikuwa kibaya. Hapo ujue umepata medali. Kujisifu mwenyewe ndiyo kabisa, afadhali uonekane sokoni umevaa gauni la kulalia. Kwa hiyo Jytte Vestergaard, aliyekuwa amejaa fahari mpaka kooni, alijitahidi miezi yote ile uso wake usimuumbue, na uso ukamuumbua kila alipoyatazama mabawa ya Olga.

Olga ni ndege. Ni ndege ndogo ya viti viwili vya bega kwa bega, mifupa yake ni mbao iliyovishwa kitambaa, na injini yake inaning'inia kichwa chini na kudondosha mafuta tangu siku ilipowashwa mara ya kwanza. Alitoka kiwandani Copenhagen mwaka 1946. Jytte na mumewe Egon walimkuta ghalani kwa mkulima mmoja, enzi hizo watoto wao bado wa kubebwa, kuku wakitagia kwenye kiti cha rubani. Wakamchukua wakidhani wamepata ndege, kumbe wamepata mwajiri. Kila saa aliyowapa angani, Olga aliidai kwa siku nzima za kupiga magoti chini ya tumbo lake, kusafisha, kukaza, kupaka grisi, na kuchonga kwa mkono vipuri ambavyo hakuna duka linaloviuza.

Kazi walikuwa wamegawana. Injini ilikuwa ya Egon, maana alikuwa ametengeneza matrekta maisha yake yote, na matrekta yalikuwa yamemlipa kwa kumla masikio. Kuruka kulikuwa kwa Jytte. Kitambaa nacho kilikuwa cha Jytte, kwa sababu kabla ya kustaafu alikuwa fundi wa kushona matanga pale bandarini, na mtu aliyeshona tanga la kupambana na Bahari ya Kaskazini hamwachii mwingine kitambaa cha ndege yake.

Vuli iliyopita, Palle Hedegaard, mkaguzi wa ndege za kale, aliweka kipimo chake juu ya bawa la Olga na kubonyeza. Kitambaa kikachanika kama gazeti. Palle aliandika kwamba Olga haruki mpaka avishwe upya, akanywa kahawa yake, akaenda zake.

"Mpelekeni Ujerumani," Viggo alishauri. Viggo ndiye mwenye banda la jirani hapo kwenye uwanja wa nyasi wa Nørrelund, na ndege yake ya zamani ilikuwa imerudi kutoka karakana ya huko inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. "Wale ni watu wa kazi. Wewe, Jytte, utatushonea godoro."

Jytte alimwambia Egon aondoe meza ya kulia chakula.

Majira yote ya baridi mabawa ya Olga yalikaa sebuleni kwao, moja juu ya vigogo, lingine limeegemea ukutani likiziba kabati la vyombo. Mti wa Krismasi ulikosa nafasi ukapelekwa jikoni, na wajukuu walipokuja kushikana mikono na kuimba wakiuzunguka mti kama ilivyo desturi, walizunguka bawa. Jytte alisimama upande mmoja na sindano ndefu kama mkono wa kutoka kiganjani mpaka kiwikoni. Egon alilala chali sakafuni. Jytte alichoma kutoka juu, Egon akapokea chini ya ubavu wa mbao na kuirudisha, Jytte akafunga fundo, akavuta uzi uliopakwa nta, akasogea mbele. Siku nyingine Egon alipitiwa na usingizi hukohuko chini, na Jytte alijua tu kwa sababu sindano haikurudi.

Na alikuwa mkali. Alimfanya Egon achore ukutani umbo la kila kifaa, spana kwa spana na bisibisi kwa bisibisi, ili kikikosekana kimoja pengo lionekane. Mlangoni alimpekua mifuko kama askari wa forodha.

"Ukisahau spana ndani ya trekta, mzee, mwenyewe atakurudishia trekta," alimwambia. "Mimi huko juu nitamrudishia nani?"

"Sawa, mama," Egon alisema, akatoa mfukoni skrubu na pipi.

Mabawa yalipokwisha yalikuwa mekundu, yamekazwa na laka mpaka ukiyagonga kwa ukucha yanalia kama ngoma, na mishono ilikwenda mstari mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho bila hata mmoja kumtangulia mwenzake. Palle alikuja na tochi akachungulia kila kidirisha cha kukagulia, akavuta kila waya, akatia sahihi. Egon akaijaribu injini wiki nzima, Olga akitetemeka palepale alipofungwa. Kilichobaki kilikuwa kuruka, na Jytte alikuwa ameshaichagua siku: Jumamosi ya Juni, siku ya kuzaliwa ya Olga, ambaye alikuwa anatimiza miaka themanini.

Themanini si umri wa kupita kimyakimya, hata kama mwenye umri huo ni ndege. Walipanga meza ndefu bandani, vibendera vyekundu vyenye msalaba mweupe vikasimama katikati ya vikombe, keki ya matabaka ikaletwa na binti yao Dorthe, na wenye ndege wote wa Nørrelund wakaja na wake zao, waume zao na mbwa wao. Viggo alifika na mto wa kulalia kwapani.

"Nimesikia leo tunazindua godoro," alisema. "Nimekuja nimejiandaa."

"Keti hapo, Viggo. Ukisinzia tutakufunika na mfuko wa viazi."

Viggo alikuwa pia ametunga wimbo wa siku hiyo, kama ilivyo lazima, akaugawa kwenye karatasi. Wote wakasimama wakauimba kwa ile sauti ya kanisani wanayotumia hata kwa mambo ya kipuuzi:

Olga bibi wa miaka themanini,
kashonewa gauni pale sebuleni;
Jytte yuko juu, Egon yuko chini,
nani kachomwa sindano? Muulizeni.

Watu wakacheka. Egon, ambaye alikuwa ameshika maneno nusu tu, akacheka kwa kuwatazama wengine. Jytte alikunja karatasi akaitia mfukoni, na kwa hakika hakujua kama ameudhika au amefurahi, maana hakuna anayetungiwa wimbo kwa kazi isiyoonekana.

Kisha wakaenda kumtoa Olga. Egon, Viggo na Palle walishika mkia wakauinua hadi mabegani ili kumgeuza aelekee mlangoni. Jytte alishika ncha ya bawa la kushoto.

Mkia ulipopanda, kitu kilitembea ndani ya bawa. Ilikuwa sauti ndogo, krr, kisha tk. Baada ya hapo kimya.

"Simameni," alisema Jytte. "Shusheni mkia. Taratibu. Sasa inueni tena."

Wakashusha, wakainua. Hakukuwa na sauti yoyote. Wakarudia mara nyingine, na Palle akaja kuweka sikio kando ya sikio la Jytte. Bawa lilinyamaza kabisa.

"Ulisikia nini?" Palle aliuliza.

"Kuna kitu humu."

"Mimi sikusikia. Labda ni vibendera, kuna upepo."

"Vibendera havitembei ndani ya bawa."

Palle ni mtu mwangalifu. Alifungua kidirisha cha bawa akaingiza tochi na kioo kidogo, akatazama kwa muda mrefu, akaenda kwenye chumba cha rubani akachezesha usukani huku na huku, polepole. Kile kipande cha nyuma ya bawa kinachoipindisha ndege kilipanda na kushuka bila shida. Akarudi akijipangusa mikono.

"Kidirisha kinanionyesha upande wa mbele tu," alisema. "Nyuma ya kona ambako waya wa usukani hugeuka sioni, mpaka kitambaa kikatwe. Lakini ninachoona ni kizuri, na usukani uko huru. Inawezekana ni tone la gundi kavu limedondoka."

"Kama ni gundi limekwenda wapi? Kilitembea mara moja, kikakoma. Kimenasa, Palle. Afadhali ningeendelea kukisikia."

Watu walianza kuinuka mezani kuja kutazama, vikombe mkononi. Jytte alihisi macho yao yote kwenye bawa lake jekundu, na hasira ikampanda, na kama kawaida ya hasira ikamtafuta aliye karibu.

"Egon, nenda kaangalie ukutani."

Egon alikwenda, akarudi. "Vyote vipo, mama."

"Angalia tena. Nilikuambia. Majira yote ya baridi nilikuambia usilisogelee bawa na vitu mfukoni. Sasa kuna spana yako humu ndani, mbele ya watu wote hawa."

Egon alikwenda ukutani mara ya pili, akavigusa vifaa kimoja kimoja kwa kidole ili kila mtu aone, akarudi akasimama palepale.

Viggo akaingilia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa anatania. "Sikiliza, dada yangu. Mzunguko mmoja tu juu ya uwanja, upande na ushuke, tule keki. Kesho utachungulia kwa raha zako. Mkaguzi ametazama, usukani ni huru. Hilo bawa ukilikata leo, kazi ya baridi nzima inakwenda, na sisi wote tunaona. Mimi nakuambia kwa nia njema, sikusikia kitu."

Wengine waliitikia kwa vichwa. Dorthe alimtazama mama yake kama anayemsihi. Na Jytte, tuseme ukweli, alitamani sana kukubali. Mara mbili alikuwa ameona katika usingizi namna Olga atakavyopita juu ya vichwa vyao na jua likiwaka kwenye mishono. Alitazama ile mistari iliyonyooka na kujua kwamba katika maisha yake yote hajashona kitu kizuri kuliko hicho, na kwa umri wake hatashona kingine. Zaidi ya hapo alikuwa amesikia peke yake. Kuwa peke yake kulianza kumtia shaka, kwamba labda na masikio yake sasa yameanza kuzeeka.

Alimgeukia Egon, ambaye yeye mwenyewe Jytte alikuwa ametoka kumwaibisha. "Wewe ulisikia?"

"Mimi hata kengele ya mlango siisikii, unaniuliza bawa," alisema Egon. "Masikio yangu ni wewe. Ukisema umesikia, basi tumesikia."

Jytte alikwenda kwenye kikapu chake akatoa kisu cha matanga.

Hakukata ovyo. Alipita na ukucha juu ya kitambaa, akigonga na kusikiliza kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, mpaka akafika nyuma ya ile kona ambako waya wa usukani hugeuka. Hapo mlio ulikuwa mzito kidogo, kama wa ngoma iliyowekewa mkono. Akashusha pumzi, akachoma kisu, akavuta. Sauti ya kitambaa kipya kikichanika iliwafanya wanawake wawili watazame pembeni. Akakata upande wa pili, akafungua kitambaa kama bahasha, akaingiza vidole.

Alitoa kibanio cha nguo.

Kilikuwa kibanio cha mbao, cha kuanikia, na mdomoni kilikuwa na gundi iliyokauka. Alikijua. Majira yote ya baridi alivitumia hivyo kubana kitambaa ukingoni mwa bawa mpaka gundi ishike. Alivitoa kwenye kamba ya uani, akavirudisha kwenye kamba, na katika ukali wake wote hakuwahi kufikiri kuvichorea umbo ukutani, kwa sababu ni nani anayehesabu kibanio kuwa kifaa. Kimoja kilibaki ndani kikiwa kimegandia ubavu. Kilikaa humo kwa utulivu hadi Egon alipoiwasha injini wiki ile nzima na kukitikisa kikabanduka.

Mtu mmoja akaanza kucheka, kisha wote. Jytte alisimama na kibanio mkononi, masikio yake yakiwaka moto.

"Egon," alisema, kwa sauti ya kutosha hata Egon kuisikia. "Si spana yako. Ni mimi. Na nimekutukana mbele za watu."

Egon alikichukua akakigeuzageuza. "Ukutani hakipo," alisema. "Nitakichorea nafasi. Nitakipa sehemu ya juu kabisa, karibu na dirisha." Akamgusa mkewe shavuni kwa mgongo wa mkono wenye mafuta, akamwachia doa jeusi.

Palle hakuwa anacheka. Alikuwa ameingiza mkono ndani ya ule mchano, akamwomba Viggo apande achezeshe usukani. Kisha akaomba kibanio, akakirudisha pale pale alipokitoa Jytte. "Sasa peleka kushoto. Mpaka mwisho. Rudisha."

"Hautaki kurudi," Viggo alisema kutoka ndani.

"Vuta."

"Navuta, Palle. Umekwama."

Kicheko kiliisha. Palle alikitoa kibanio akakiweka juu ya meza kati ya vikombe. "Nilipojaribu mimi sikufika mwisho," alisema polepole. "Nilichezesha kama mtu anayejaribu, si kama mtu anayeruka."

Jytte aliomba nafasi. Alisogeza taa, akatia uzi kwenye sindano iliyopinda, akaanza kuufunga mchano huku amesimama, mishono ya kwenda na kurudi kama ya mpira wa ngozi, midogo na ya karibu. Mwanzoni watu walikaa mbali kama wako msibani. Baadaye keki ikakatwa. Kisha wakaanza kusogea mmoja mmoja na sahani zao kuja kumtazama, na hapo alishona mbele ya kadamnasi kazi ambayo miezi yote aliifanya mbele ya kabati la vyombo. Alipachika kiraka juu ya mshono, akapaka laka, wakamsukuma Olga nje juani akauke. Harufu ya laka ikachanganyika na ya kahawa. Hakuna aliyekwenda nyumbani.

Kiraka kilikuwa cheupe kama jino kwenye bawa jekundu.

"Utakipaka rangi kabla ya mkutano wa ndege za kale?" Viggo aliuliza. "Majaji watakukata alama."

"Wakate," alisema Jytte.

Palle alikagua upya kila kitu, safari hii akivuta usukani kwa nguvu za mtu anayegombana nao, akatia sahihi ya pili. Akapitisha kidole gumba juu ya kiraka. "Si kibaya," alisema. Jytte aliinama haraka kutafuta mkasi ambao haukuwa umepotea.

Jua lilikuwa bado juu, kama lilivyo kule mwezi wa Juni hata saa za chakula cha jioni. Jytte na Egon walipanda, wakakaa bega kwa bega, wakafunga mikanda. Viggo alijitolea kuzungusha propela. Aliizungusha mara chache kwa mkono kwanza kuondoa mafuta yaliyojikusanya, akasogea, akaita. Jytte akaitika. Viggo akavuta kwa nguvu, injini ikakohoa, ikatoa moshi wa buluu, ikashika.

Olga alikimbia juu ya nyasi, akainua mkia wake mwenyewe, akaiacha ardhi bila kuaga. Jytte alimpandisha juu ya mashamba ya viazi mpaka maji ya ghuba yakaonekana upande wa magharibi. Kitambaa kilikuwa kimekaza. Hakikupiga, hakikuvuma, mishono yote ilikuwa pale ikifanya kazi bila kelele. Aliona fahari, na kwa kuwa huko juu hapakuwa na jirani wa kumtazama uso, aliiacha imjae. Aliionea fahari mistari yake iliyonyooka. Kile kiraka cheupe alikionea zaidi, na hakuona haja ya kulificha hilo.

Alipogeuza kurudi, Egon alimgusa mkono na kuonyesha chini.

Uwanjani meza zilikuwa zimebaki tupu, mbwa mmoja amepanda kiti anakula keki. Milango ya mabanda yote ilikuwa wazi. Mbele ya banda la kwanza, Bodil mke wa Viggo alikuwa ameubeba mkia wa ile ndege iliyotoka Ujerumani begani, na Viggo mwenyewe amelaza sikio kwenye bawa, amefumba macho. Bandani pa pili watu wawili walikuwa wakiinua mkia na kuushusha. Palle alikuwa akipita kutoka ndege moja hadi nyingine akiwanyamazisha watu kwa mkono.

"Wana nini wale?" Egon aliuliza kwa kelele.

"Wanasikiliza," alisema Jytte.

"Nini?"

Akamsogezea mdomo sikioni akarudia. Egon alitazama chini tena, akacheka mpaka miwani ikamteleza, akaipangusa na shati.

"Zunguka tena, mama," alisema. "Nataka kuwaona vizuri."

Jytte akapeleka usukani kushoto, mpaka mwisho, kisha akaurudisha, na bawa likatii.